Wanaokosa Chanjo: Waliokataa ni Wachache Kuliko Tunavyodhani

Mwaka 2018 taasisi ya Wellcome ya Uingereza ilikusanya maoni ya watu zaidi ya 140,000 katika nchi zaidi ya 140. Swali mojawapo lilikuwa jepesi: je, chanjo ni salama? Ufaransa, nchi alikozaliwa Louis Pasteur, mmoja wa waasisi wa sayansi ya chanjo, mtu mmoja kati ya watatu alisema hapana. Afrika Mashariki, zaidi ya watu tisa kati ya kumi walisema ndiyo. Kama kuamini kungetosha, watoto wa Afrika Mashariki ndio wangekuwa na kadi zilizojaa, na wa Ufaransa wangeburuta mkia. Hali kwa jumla ni kinyume. Wafaransa wananung'unika na wanachanja. Afrika Mashariki mama anaamini, na bado mtoto wake anaweza kufikisha miaka miwili akiwa na nafasi tupu kwenye kadi ya kliniki.

Pengo hilo kati ya kuamini na kuchanjwa limewashughulisha watafiti wa afya ya jamii kwa miaka mingi. Majukwaani jibu limekuwa lilelile: wananchi waelimishwe. Tafiti zinasema jambo jingine. Wanaokosa chanjo ni makundi matatu. Wapo wasiofikiwa kabisa, wapo walioanza wakaishia njiani, na wapo waliokataa. Kila kundi lina sababu zake na dawa yake, na mahubiri juu ya faida za chanjo yanawahusu wachache tu kati yao.

Kinachobishaniwa si kidogo. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotimiza miaka 50 tangu lianzishe mpango wa kuwachanja watoto wote duniani, jarida la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 katika nusu karne hiyo. Milioni 101 kati yao walikuwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Chanjo ya surua peke yake inabeba asilimia 60 ya hesabu hiyo. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2024 watoto milioni 14.3 hawakupata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kipimo hicho ndicho WHO na UNICEF wanachokitumia kumtambua mtoto ambaye huduma haijamgusa kabisa.

Zaidi ya nusu ya watoto hao wako katika nchi tisa, zikiwemo Nigeria, India, Sudan, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia, Yemen na Afghanistan. India na Nigeria zimo kwa sehemu kwa sababu ya wingi wa watu. Sudan iko vitani tangu Aprili 2023, na mashariki ya Kongo haijatulia kwa miongo mitatu. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini, unaona bunduki na barabara mbovu kabla hujaona ubishi wa wazazi.

Wasiofikiwa

Ni rahisi kudhani kwamba kufikiwa ni suala la kilomita tu. Watafiti wa Kilifi wanatuonya tusikimbilie huko. Katika mji huo wa pwani ya Kenya, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake wa Wellcome wanafanya kazi pamoja tangu 1989, na tangu mwaka 2000 wanaandikisha kila anayezaliwa, anayekufa na anayehama katika eneo lenye wakazi zaidi ya robo milioni. Walipolinganisha muda wa safari ya kwenda kliniki na tarehe ambayo mtoto alichanjwa, umbali haukuleta tofauti kubwa. Sababu ni kwamba eneo hilo lina vituo vingi vya afya, na wazazi wanavitumia. Pale kituo kinapokuwepo na kinapofanya kazi, watu hutembea.

Shida huanza pale kituo hakipo, au kipo na hakina kitu. Kwa wafugaji wanaohamahama na kwa vijiji vilivyo mbali na zahanati, tegemeo ni huduma za mkoba: muuguzi anapanda pikipiki na kisanduku chenye vipande vya barafu, kwa kuwa chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Mafuta ya pikipiki yakikosekana mwezi huo, kijiji kizima kinakosa chanjo, na hakuna aliyekataa.

Tena mlango unaweza kufungwa mtoto akiwa tayari ameshafika. Chupa ya chanjo ya surua mara nyingi hubeba dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake hutakiwa kutupwa baada ya saa sita. Muuguzi aliyeagizwa apunguze upotevu husita kuifungua kwa ajili ya mtoto mmoja, ingawa ushauri wa WHO ni kwamba afungue. Mama anaambiwa arudi siku ya Alhamisi, watoto watakapokuwa wengi. Kwa anayeuza mboga sokoni, Alhamisi ni siku nyingine ya kufunga biashara. Asiporudi, kwenye daftari atasomeka kama mzazi mzembe.

Kisha kuna kuishiwa. Katikati ya mwaka 2025 vituo vya umma katika kaunti mbalimbali za Kenya viliishiwa chanjo ya BCG, inayowakinga watoto wachanga dhidi ya aina kali za kifua kikuu, na chanjo ya matone ya polio. Akina mama waliokwenda na watoto wao wa siku chache walirudishwa nyumbani. Hao walikuwa na imani yote inayohitajika.

Kundi hili lina balaa la ziada: halionekani vizuri kwenye takwimu. Kiwango cha chanjo cha wilaya hupatikana kwa kugawanya dozi zilizotolewa kwa idadi ya watoto inayokadiriwa kutoka kwenye sensa. Sensa ikiwa ya zamani, au watu wakiwa wamehama, hesabu inaharibika, na si ajabu wilaya kuripoti kiwango kinachopita asilimia 100. Mtoto wa mtaa ulioota pembezoni mwa jiji baada ya sensa hayumo kwenye makadirio. Hajachanjwa, lakini kwenye karatasi hapungui mtu. Ndiyo maana maeneo ya ufuatiliaji kama Kilifi, na Ifakara upande wa Tanzania, yana thamani kubwa. Huko watu wanahesabiwa nyumba kwa nyumba.

Walioishia njiani

Kundi la pili lilianza vizuri. Mtoto alipata BCG, akapata dozi ya kwanza, kisha akapotea. Duniani kote mwaka 2024 asilimia 84 ya watoto walipata dozi ya kwanza ya surua, na asilimia 76 tu wakapata ya pili. Wazazi wa wale wanaopungua hapo katikati walishakubali chanjo mara moja. Kuwaeleza tena kwamba chanjo ni nzuri ni kuwajibu swali ambalo hawakuuliza.

Uchunguzi unaotajwa sana juu ya kundi hili ulifanyika katika vijiji vya Udaipur, jimbo la Rajasthan nchini India, na ulichapishwa mwaka 2010 na Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao. Vijiji 134 viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika vile vilivyoachwa kama vilivyokuwa, ni asilimia 6 ya watoto tu waliokamilisha chanjo. Palipoletwa kambi ya chanjo iliyokuja kila mwezi bila kukosa, walifika asilimia 18. Pale mama alipopewa pia kilo moja ya dengu kwa kila ziara, na sahani za chuma mtoto alipomaliza chanjo zote, walifika asilimia 39. Dengu hazikumfundisha mama yeyote namna mwili unavyojenga kinga. Zilifidia siku aliyoipoteza na kumpa sababu ya kwenda leo badala ya wiki ijayo.

Miaka michache baadaye wazo hilo lilijaribiwa Siaya, magharibi mwa Kenya, kwa njia ya simu. Vijiji 152 vilipangwa katika mafungu manne: fungu la kwanza halikupata kitu, la pili lilipata ujumbe wa kukumbushwa, la tatu ujumbe na shilingi 75 za Kenya kwa kila chanjo iliyotolewa kwa wakati, na la nne ujumbe na shilingi 200. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa asilimia 82, 86, 86 na 90 ya watoto waliokamilisha chanjo. Tofauti iliyothibitika kitakwimu ni ile ya shilingi 200 peke yake.

Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja zinafundisha zaidi ya kila moja ikisomwa pekee. Udaipur huduma ilikuwa mbovu, kwa hiyo kuifanya iaminike tu kuliongeza waliokamilisha mara tatu. Siaya akina mama wengi walikuwa wanafika tayari, na ujumbe wa simu ukawa na kazi ndogo ya kufanya. Nchi inayonunua mfumo wa kutuma ujumbe kabla ya kujua kwa nini watoto wake hawarudi inaweza kutumia fedha nyingi kuwakumbusha watu ambao hawakusahau.

Chanjo ya malaria inaleta mtihani mpya wa kundi hilihili. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya zikiwa miongoni mwa vituo. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Majaribio ya kuitumia katika huduma za kawaida yalianza mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya, ambako uzinduzi ulifanyika Homa Bay. WHO iliipitisha Oktoba 2021, na tathmini ya miaka hiyo ilionyesha kwamba vifo vya watoto wa umri uliolengwa, vya sababu zote isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13.

Ugumu uko kwenye dozi ya nne. Ratiba ya Kenya iliiweka mtoto anapofikisha miezi 24, umri ambao mama ameshaacha kwenda kliniki mara kwa mara, na pengine ana mimba nyingine au amerudi kazini. Waliofika dozi ya tatu walikuwa wengi kuliko waliofika ya nne. Ratiba yenyewe ilitengeneza watoro.

Waliokataa

Mbona basi waliokataa ndio wanaozungumzwa kuliko wote, hata WHO ikautaja mwaka 2019 usitaji wa chanjo kuwa mojawapo ya matishio kumi ya afya duniani? Sababu ya kweli ipo. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza kati ya 12 na 18, na kuizuia kunahitaji asilimia 95 ya watu wawe wamekingwa. Waliokataa hawatawanyiki ovyo nchini. Wanakaa pamoja, wanasali pamoja, wanasomesha watoto shule moja. Wilaya inaweza kuwa na wastani mzuri na bado ikawa na kijiji kimoja kinachosubiri mlipuko.

Lakini ukichunguza visa vikubwa vya kukataa, ujinga ndio sababu dhaifu kuliko zote. Mwaka 2003 viongozi wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisimamisha chanjo ya polio wakidai imetiwa dawa za kuzuia uzazi. Virusi vilisambaa hadi nchi zipatazo 20. Dai halikuwa kweli, lakini hofu ilikuwa na historia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wa mji huohuo. Watoto 11 walifariki wakati wa jaribio hilo, madai ya kwamba wazazi hawakuelezwa vya kutosha yakaenda mahakamani, na mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na serikali ya Kano. Mgomo wa chanjo ulilegezwa mwaka 2004, baada ya kupatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Wazazi wa Kano waliuliza nani anaileta, na jibu lilipobadilika, uamuzi ulibadilika. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili.

Kenya ilipata kisa chake mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda inayotolewa kwa wanawake ina homoni ya kuharibu mimba. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Kilichoupa uvumi nguvu ni swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kwa nini wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu? Jibu la kitabibu lipo: mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa tumboni, na mtoto mchanga huweza kufa kwa pepopunda inayoingia kupitia kitovu. Jibu hilo linapaswa kutangulia kampeni. Likija baada ya shutuma, husikika kama utetezi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kanisa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 uliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Chanjo ilikuwepo na ilishaonyesha nguvu zake Guinea mwaka 2015. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Takriban theluthi moja tu waliamini kwamba viongozi wa eneo wanatetea maslahi yao, na mmoja kati ya wanne aliona kwamba Ebola haipo. Wasiowaamini viongozi ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kuikubali chanjo. Miezi mitatu baadaye tume ya uchaguzi ya Kongo iliiondoa miji hiyo kwenye uchaguzi wa rais kwa kisingizio cha Ebola. Watu ambao wenzao walikuwa wakichinjwa na waasi tangu 2014 bila kupata msaada wa maana waliona magari na helikopta vikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, kisha ugonjwa huohuo ukawanyima kura. Aprili 2019 daktari wa WHO kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo akiwa kazini. Pamoja na hayo yote, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Kauli ya kiongozi hufunga mlango na huufungua. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za korona. Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera Dar es Salaam. Wakati wote huo akina mama wa Tanzania waliendelea kuwapeleka watoto kliniki. Shaka ilihusu chanjo moja na siasa zake.

Elimu na utajiri navyo havizuii. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, asilimia 92 ya watoto wa jamii ya Wasomali walikuwa wamechanjwa surua mwaka 2004. Kufikia 2014 walibaki asilimia 42, na mwaka 2017 mlipuko ukawakumba watu 75, wengi wao Wasomali. Wazazi walikuwa na wasiwasi juu ya usonji kwa watoto wao na hawakupata majibu ya kuridhisha. Aliyewajia na jibu ni Andrew Wakefield, ambaye makala yake ya 1998 kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo na usonji, ilishafutwa na The Lancet mwaka 2010.

Msomali mwingine alifuata njia ya kinyume. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na chanjo ilikuwa karibu yake, lakini aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye akazunguka Somalia akiwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Mwaka 2013 alifariki kwa malaria akiwa bado kwenye kampeni hiyo.

Kuibadili chanjo imfuate mtu

Mafanikio yanayotia moyo kuliko yote ya miaka ya karibuni yamepatikana kwa kugeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kumfanya msichana arudi kwa dozi ya pili na ya tatu ya chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, watafiti waliuliza kama dozi hizo zinahitajika. Mwanza, jaribio la DoRIS liliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Kenya, jaribio la KEN SHE liliwafuatilia wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi, na baada ya miezi 18 dozi moja ilionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina hatari za virusi hivyo, ya 16 na ya 18. Mwaka 2022 wataalamu wa WHO waliidhinisha ratiba ya dozi moja. Tanzania, iliyoanza chanjo hiyo mwaka 2018 kwa dozi mbili, ilihamia dozi moja mwaka 2024. Ushahidi wa Mwanza na Kisumu umepunguza gharama na safari kwa wasichana wa dunia nzima.

Rwanda ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine. Mwaka 2011 ilipeleka chanjo hiyo shuleni, wakati bado ilikuwa ya dozi tatu, na asilimia 93 ya wasichana wa darasa la sita wakamaliza zote. Hawakuhitaji kutafuta kliniki. Kliniki iliwakuta darasani.

Hesabu za fedha sasa zinabana. Juni 2025 Marekani ilitangaza kusitisha mchango wake kwa Gavi, mfuko unaozisaidia nchi nyingi za Afrika kununua chanjo. Shilingi zikipungua, kishawishi ni kukata huduma za mkoba na kuacha mabango na semina, kwa sababu semina huonekana na mafuta ya pikipiki hayaonekani. Huo utakuwa uamuzi mbaya. Halmashauri na kaunti zianze kwa kuwahesabu watoto wao wasiochanjwa na kujua kila mmoja yuko kundi gani. Fedha ziende kwanza kwenye jokofu linalofanya kazi, chupa inayofunguliwa hata kwa mtoto mmoja na kliniki isiyovunja miadi. Wanaokataa wapelekewe majibu ya maswali yao halisi, na wapelekewe na watu wanaowaamini.

Mzazi anayesoma haya naye ana la kufanya leo: aitazame kadi ya mtoto. Tanzania na Kenya dozi ya pili ya surua hutolewa miezi 18, na mtoto aliyechelewa bado anastahili kuipata.